Kabla hujaipita anime iliyotokana na gemu

Nikisikia kuna anime, yaani katuni ya mtindo wa Kijapani, mpya iliyotokana na gemu, huwa siendi mbio. Gemu humpa mchezaji usukani. Ukimnyang'anya na kumwambia akae atazame tu, mara nyingi kinachobaki ni mapigano, na katikati yake maneno ya kujaza muda.

Cyberpunk: Edgerunners ilipoingia Netflix Septemba 2022, ilikuwa na mzigo wa ziada. Gemu lake, Cyberpunk 2077 la kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, lilitoka Desemba 2020 likiwa na hitilafu nyingi mno. Siku chache baadaye Sony ikaliondoa kwenye duka la PlayStation na kuwarudishia watu pesa zao, na halikuonekana tena humo hadi Juni 2021. Nani angekuwa na hamu ya katuni ya gemu la namna hiyo? Nilichokifuata mimi ni Studio Trigger na mwongozaji wake Hiroyuki Imaishi, aliyeongoza anime ya Kill la Kill.

Kwa hiyo anza hapo: jina la gemu liweke pembeni, uliza nani anachora na nani anaongoza.

Kisha uliza hadithi ni ya nani. Kwenye gemu unamchezesha mhusika anayeitwa V. Anime imechukua jiji lile lile la Night City, ikamwacha V kabisa, ikamleta kijana anayeitwa David Martinez. Mama yake, Gloria, anahudumia majeruhi kwenye gari la wagonjwa, na anajinyima kila kitu ili mwanawe asome shule ya watoto wa matajiri. Wanapatwa na ajali barabarani katikati ya majibizano ya risasi. Kikosi cha uokoaji kinafika, kinawapima, kinaona si wateja wake, kinawaruka na kuondoka. Haya yote yako kwenye sehemu ya kwanza. Hakuna ulazima wa kuwahi kushika kidhibiti cha gemu ili uelewe uchungu wa mama anayehangaikia ada.

Baada ya hapo David anapandikizwa kwenye uti wa mgongo kifaa cha kijeshi kinachompa kasi isiyo ya kawaida, anajiunga na genge la Maine, anampenda Lucy ambaye ndoto yake ni kwenda mwezini. Kila chuma anachoongeza mwilini kinamsogeza karibu na wazimu. Kama umezoea kwamba stelingi hafi, jiandae.

Si kwamba haina kasoro. Sehemu ni kumi tu, na nusu ya pili inakimbia. Muda unarukwa ghafla, na mimi ningeongeza sehemu mbili pale kati ili genge jipya la David lipate kupumua. Na usiiweke sebuleni watoto wakiwepo. Damu ni nyingi, uchi upo.

Kipimo changu hiki cha kutaka hadithi yenye mhusika wake mpya hakikamati kila kitu. Castlevania ya 2017 inawafuata wahusika wa gemu lenyewe, Trevor Belmont na wenzake, lakini ni nzuri. Nadhani ni kwa sababu gemu la 1989 ilikotoka lilikuwa na maneno machache sana, waandishi wakabaki na nafasi tele. Arcane nayo, iliyotengenezwa na Fortiche ya Ufaransa mwaka 2021, imetoka kwenye League of Legends, gemu la watu kupambana uwanjani, lisilo na kisa kimoja cha kurudia. Basi swali langu siku hizi ni hili: waandishi wameachiwa nafasi?

Kama hujacheza Cyberpunk, tazama anime kwanza. Wengi walipita njia hiyo: mwezi ule ule wa Septemba, CD Projekt ilitangaza kwamba gemu lilikuwa likipata wachezaji milioni 1 kwa siku, karibu miaka miwili tangu aibu ile. Koti la njano la David nalo likaingizwa ndani ya gemu.

Julai 2025 ilitangazwa Edgerunners 2, sehemu kumi tena, hadithi mpya inayojitegemea. Trigger wapo, ila safari hii anayeongoza ni Kai Ikarashi, si Imaishi, kwa hiyo swali la nani anaongoza itabidi niliulize upya.