Asiranse haioni tumbo, inaona karatasi

Tangu niguse habari ya operesheni ya kupunguza tumbo, yaani mfuko wa chakula, ili mtu mnene apungue, simu yangu haipumui. Nimechukua maswali machache, maana mengi ni lile lile limebadilishwa nguo. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nilikaa miaka 17 nyuma ya dirisha la bon, kile kikaratasi cha kumruhusu mfanyakazi akatibiwe, katika kampuni moja ya hapa Lubumbashi, nikipokea karatasi za hospitali. Mimi si daktari. Karatasi ndizo nazijua.

Ninafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, familia iko Kampemba. Asiranse (bima) ya kazi italipa operesheni ya mke wangu?

Papa, Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri amtibie mfanyakazi na familia yake, na wengi wakifika hapo wanaanza kushangilia. Kutibiwa si kutibiwa chochote, popote. Sheria ya bima ya Machi 2015 ilifungua soko ambalo lilikuwa la Sonas, kampuni ya bima ya serikali, peke yake. Leo mwajiri anaweza kuikabidhi kampuni ya bima matibabu ya watu wake, na kila mkataba una masharti yake. Ndani ya mkataba kuna ukurasa ambao watu huuruka, ule wa mambo yasiyolipwa. Unene mara nyingi umekaa humo, pamoja na meno ya bandia na operesheni za urembo. Ukiukuta humo, barua ya daktari hata iwe na mihuri mitano haitakusaidia. Anayeweza kuufuta ni mwajiri, siku mkataba unapofanywa upya. Kwa hiyo swali lako lipeleke kwa delege wa sindika, mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi, si kwangu.

Kama unene haumo kwenye ukurasa huo, basi kibali kinaombwa kabla ya kisu. Operesheni hii haina bon ya dharura. Kibali ni karatasi yenye saini ya daktari mshauri wa bima. "Walisema sawa kwenye simu" si kibali. Angalia pia miezi ya kungoja: mikataba mingine haikulipii kitu kikubwa mwanzoni. Na siku ulipojaza fomu ya kuingia, uliandika kwamba mke wako ana sukari? Kama ulificha ukidhani unajisaidia, umewapa sababu ya kukunyima hata kile ambacho wangelipa.

Niko na kilo 98. Ninastahili?

Urefu, ndugu yangu. Urefu! Kilo 98 za mchezaji wa basketi na kilo 98 za shangazi yangu si kitu kimoja.

Mama yangu yuko Katuba, ana kilo 118, urefu mita 1 na sentimita 62. Ana sukari na presha. Wanahesabu vipi?

Huyu ameuliza vizuri, nami nitamjibu vizuri. Unachukua urefu kwa mita, unauzidisha kwa wenyewe: 1.62 mara 1.62 ni 2.62. Kisha unagawa kilo kwa hiyo namba: 118 kwa 2.62 ni 45. Waganga wanaiita IMC.

Namba ambazo kampuni nyingi za bima duniani bado zinashikilia zilitoka Marekani mwaka 1991: IMC 40 na zaidi, au 35 na zaidi kwa mwenye ugonjwa mwingine unaoletwa au kuzidishwa na unene, kama sukari, presha au pumzi kukatika usingizini. Kwa urefu wa mama yako, 35 ni kama kilo 92, na 40 ni kilo 105. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya wapasuaji wa kazi hii vilishusha kizingiti: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye sukari. Usikimbie kwenye dirisha la bima na habari hiyo. Mpasuaji anafuata chama chake, bima inafuata mkataba wake, na mkataba haubadiliki kwa sababu madaktari wamekutana.

Kwa hiyo kwa namba mama amevuka. Lakini namba ni mlango tu, na hapo ndipo wengi wanapotea. Ndani wanataka kuona alijaribu kupungua akashindwa, chini ya macho ya mtu wa afya: uzito ulioandikwa kila mwezi, kwa miezi 3, 6, mahali pengine 12, bila mwezi kurukwa. Wanataka ripoti ya mtu wa lishe, ya mwanasaikolojia, na barua ya daktari inayosema kwa nini dawa na chakula havikutosha. Ugonjwa uwe na ushahidi wake. Sukari ni kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, si "mama anakojoa sana". Kukoroma nako si ushahidi hata kama mtaa mzima unasikia. Wanataka kipimo cha usingizi.

Nitasema na ambalo hukuuliza. Hao wapasuaji wenyewe wamesema kumlazimisha mgonjwa miezi ya dayeti kabla ya kibali hakuna faida iliyothibitishwa. Nami naona ni njia ya kuchosha watu mpaka waache. Lakini mwezi unaokaa nyumbani ukilalamikia sharti hilo ni mwezi ambao haukuandikwa. Mpeleke mama kwenye mzani wiki hii, na kikaratasi chake msikifungie karanga.

Daktari rafiki yangu anaweza kuandika kwamba nilianza kujipima mwaka jana?

Hapana. Siku moja bwana mmoja alinitolea daftari la miezi sita: kalamu moja, mwandiko mmoja, na tarehe mbili zimeangukia Jumapili, wakati kituo kile hakifungui Jumapili. Daktari mshauri hakusema neno. Alichukua kalenda ukutani, akaiweka mezani, akaondoka kunywa chai. Yule bwana alikuwa mgonjwa kweli, angestahili. Alipoteza kibali, na rafiki yake nusura apoteze kazi.

IMC yangu ni 38, bila ugonjwa. Nikila bukari (ugali) kwa nguvu miezi miwili si nitafika 40?

Utafika, na ganzi ya operesheni itakukuta mzito zaidi, na daftari litaonyesha mtu aliyekuwa kwenye dayeti akinenepa kila mwezi. Acha.

Dada yangu yuko Bruxelles, anasema huko serikali inalipa kila mtu. Ni kweli?

Si kila mtu. Ubelgiji wanatazama namba zile zile, 40, au 35 na ugonjwa kama sukari, na wanataka mwaka mmoja wa dayeti iliyoshindwa. Ufaransa daktari hupeleka maombi kwa bima ya taifa kabla, na siku 15 zikipita bila jibu, kimya huhesabiwa kuwa ndiyo. Usichukue hiyo ya kimya ukaileta Lubumbashi. Hapa kimya maana yake karatasi yako iko chini ya karatasi zingine, inuka uende. Na kwa wale wanaonitumia kadi ya mituelle, bima ya afya ya huko, ya dada: kadi hiyo ni ya anayeishi huko. Kumtembelea Krismasi si kuishi huko.

Mume wangu anasema mwanasaikolojia ni wa vichaa, hataki niende.

Anataka kujua kama unakula ukiwa na huzuni, kama unakunywa, kama umeelewa kwamba baada ya operesheni huwezi kumaliza sahani. Mwambie mume naye aje, maana yeye ndiye atakayelalamika kwamba hauli.

Wamenikataa. Nifanye nini?

Umesoma barua? Nauliza kwa sababu watatu kati ya walioniandikia hawakuisoma. Kama inasema dosie, yaani faili lako, haijakamilika, hujakataliwa. Tafuta kinachokosekana, ukilete, uchukue risiti. Kama inasema mkataba hauhusishi, rudi kwenye jibu la kwanza juu. Kama inasema haikuonekana kuwa ni lazima, omba sababu kwa maandishi, na daktari wako amwandikie daktari mshauri. Mganga husikilizana na mganga kuliko na wewe unayelia dirishani.

Nauza kiwanja, naenda India, nalipa keshi mkononi. Kwa nini niteseke na bima?

Pesa ni yako. Lakini ile operesheni wanayoiita sleeve inaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na haurudishwi. Bypass, ile ya kukipitisha chakula kando ya sehemu ya tumbo na utumbo, inakutaka umeze vitamini maisha yako yote, B12, chuma, kalsiamu, na upimwe damu kila mwaka. Ukitapika usiku wa manane hapa Ruashi, mpasuaji wako amelala Delhi. Jina la daktari wa hapa atakayekufuatilia liwe kwenye dosie kabla ya tiketi ya ndege. Na zile chai za kukata mafuta zinazouzwa sokoni, ambazo hukuniuliza lakini wenzako kumi wameniuliza, haziingii kwenye dosie yoyote kama "jaribio la kupungua". Kuhara si dayeti.

Ngozi ikilegea baada ya kupungua, wanalipa kuikata?

Wanaiita urembo. Isipokuwa mikunjo imefanya vidonda visivyopona, na daktari ameviandika, mara kadhaa, kwa tarehe tofauti.