Alama Tano Nilizomkata Yule Kijana

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinikuta juzi usiku nikiwa na rundo la madaftari mezani, na nimeona nikujibu hapa, maana najua si wewe peke yako. Umeripoti kituo chako cha kwanza, umepewa Kiingereza Kidato cha Pili mikondo miwili, umetoa testi ya kwanza, na darasa zima limenuna kwamba umewaonea. Unaniuliza ufanye nini wakuheshimu.

Nitakusimulia jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mwaka wangu wa tatu kazini, katika shule ya kata huko bonde la Kilombero, nilikuwa mwalimu mkali na niliuonea fahari ukali wangu. Nilipokea watoto waliosoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, leo wanaambiwa baiolojia, jiografia na hesabu zote ni kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyetazamiwa kuwavusha. Nikaamua watavuka wapende wasipende. Ukisikika unaongea Kiswahili kwenye kipindi changu, monita anaandika jina lako, na mwisho wa muhula kila ulipoandikwa nakukata alama moja ya mtihani. Sheria hiyo sikuwahi kuiandika ubaoni. Ilikaa kichwani mwangu na kwenye karatasi ya monita.

Kulikuwa na kijana wa benchi la nyuma aliyekuwa na kawaida ya kuwatafsiria wenzake. Nikimaliza kueleza, yeye anamwinamia jirani yake na kumnong'oneza kwa Kiswahili nilichosema. Aliandikwa mara tano. Mtihani wa muhula ulipokuja alipata 46. Nikatoa tano, nikaandika 41 kwa kalamu nyekundu, nikaizungushia duara. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, C inaanzia 45, na 30 hadi 44 ni D. Nilimtoa kwenye C nikamtupa kwenye D kwa sababu aliwasaidia wenzake kuelewa somo langu.

Baba yake akaja. Ulikuwa msimu wa mpunga, ametoka shamba moja kwa moja, suruali imekunjwa mpaka magotini na tope limemkaukia miguuni. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Akaikunjua karatasi ya mwanawe juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye vema ya kwanza, akaanza kuhesabu taratibu, anashuka ukurasa hadi ukurasa, midomo inatembea bila sauti. Ofisi ya walimu ilinyamaza. Alipofika mwisho akainua uso.

"Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui. Lakini vema zako nimezihesabu nyumbani mara mbili, na hapa mara ya tatu. Zinafika arobaini na sita. Hizi tano zimeenda wapi?"

Nikamwambia ni za nidhamu.

"Nidhamu nayo ni Kiingereza?"

Sikuwa na jibu. Akaikunja karatasi yake, akanishukuru, akaondoka. Siku ile ile niliirudisha ile 46 kwenye kitabu cha alama, nikamwita kijana nikamwomba radhi. Akaitikia, "Haya, mwalimu." Lakini hakumnong'oneza mtu tena, na mpaka anamaliza Kidato cha Nne sikuuona mkono wake ukiinuka kwenye kipindi changu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana sasa siku ya kwanza ya muhula sifundishi sarufi. Naandika ubaoni jinsi nitakavyosahihisha, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nao wananakili ukurasa wa kwanza wa daftari. Insha ina alama 20: hoja 8, sarufi 6, mpangilio 4, tahajia na uakifishaji 2. Kosa moja nalikata mara moja. Mwanafunzi akiandika "he go" mara tisa hana makosa tisa. Ana kosa moja, la kanuni ambayo hajafundishwa ikamwingia. Kazi ikichelewa naipokea na kuisahihisha kamili, ila mwenyewe atabaki na mimi baada ya masomo mpaka aimalize. Zamani nilikuwa naweka sifuri, halafu nikaja kujua mmojawapo alikuwa amekwenda kukaa shamba na wazazi wiki nzima akilinda ndege. Ile sifuri haikunieleza lolote kuhusu Kiingereza chake.

Kiswahili darasani nimekiruhusu kwa sharti moja: ukimweleza mwenzako kwa Kiswahili, mwenzako asimame aliseme jambo hilo hilo kwa Kiingereza chake, hata kikichechemea. Kuchelewa, kelele na utoro vina kitabu chake na mwalimu wake wa nidhamu. Havigusi kitabu cha alama.

Na usidhani ukiwa mkweli wa alama utapigiwa makofi. Nikiwa kituo kingine, mkubwa wangu mmoja aliniita ofisini, akafunga mlango, akanisogezea fomu ya alama za maendeleo, zile zinazopelekwa Baraza. Akaniomba "niwasaidie vijana". Alitaka F ziwe C. Nilimwambia vijana nitawasaidia saa tisa alasiri, darasani, na nikairudisha fomu ilivyo. Muhula uliofuata ratiba ikatoka: nimeondolewa Kidato cha Nne, nimepelekwa Kidato cha Kwanza. Hakuna aliyenieleza sababu. Walimu niliokuwa nakunywa nao chai wakaanza kunywa mapema kabla sijafika. Miaka imepita, lakini nikiona fomu ya aina ile kifua kinanibana.

Basi sikiliza. Wale wa Kidato cha Kwanza nilipanda nao miaka yote minne, kwa sheria zile zile za ukurasa wa kwanza. Matokeo yao ya Kidato cha Nne yalipobandikwa, nilisimama mbele ya ubao wa matangazo nikapitisha kidole jina baada ya jina kama yule mzee, na mkondo wangu haukuwa na F hata moja ya Kiingereza. Nalisema kwa fahari kwa sababu nimelitolea jasho.

Mwalimu mwenzangu, ukikata alama kwa hasira umemdanganya mtoto, na ukiziongeza kwa huruma au kwa amri ya mkubwa umemdanganya vile vile. Andika sheria zako kabla ya testi. Zisome kwa sauti. Kisha zikufunge wewe wa kwanza, hasa siku utakapokuwa umechoka na mbele yako kuna karatasi ya mtoto aliyekuudhi asubuhi. Heshima unayoniuliza itaanzia hapo.

Kwa hiyo Jumatatu usiwagombeze. Waambie walete karatasi za ile testi, kila mmoja ahesabu vema zake mwenyewe, wape dakika kumi. Atakayeona hesabu haikai sawa aje mezani, na wewe uwe na kalamu mkononi tayari kurekebisha.