Kabla hujanunua rimu za Volkswagen ya marehemu baba

Volkswagen yangu ni ya 1969, injini ya 1300, zile za mgongo wa mviringo ambazo nyumbani tulizoea kuziita kobe. Baba aliiacha chini ya mparachichi Lushoto. Injini ilifufuka ndani ya wiki tatu, rangi ikala miezi minne. Kilichonichukua mwaka na ushee ni matairi, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa narekebisha kosa nililolinunua mwenyewe kwa pesa taslimu.

Nililinunua Gerezani, Kariakoo. Rimu nne za inchi 17, zimetoka kwenye gari dogo la Kijapani, zinang'aa mpaka unajiona ndevu. Nilikuwa na picha kichwani: kobe mweusi, amelala chini, rimu zinameremeta. Sikuwa na rula mfukoni. Muuzaji alipoona bolti haziendani na gari langu alicheka, "Hilo dogo bosi, adapta tu." Fundi mchonga vyuma akanitengenezea adapta nne za alumini zenye unene wa milimita 25, za kuunganisha rimu na gari. Nikavalisha matairi 205/40R17, nikapiga picha, nikaweka kwenye status, watu wakasifia.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa kurudi Lushoto kuwaonyesha wazee. Kufika nikafika. Nikampakia mama na shangazi wawili kiti cha nyuma, tukashuka kwenda sokoni Soni. Kona ya tatu nikasikia kitu kinakwaruza, krrr, krrr, kisha harufu ya mpira unaoungua. Mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, hili gari linakula nini?" Lilikuwa linakula tairi. Ukingo wa ndani wa madigadi ulikuwa umechonga bega la tairi la kushoto kama kisu kwenye sabuni. Nilipopima baadaye, ukingo wa nje wa rimu ulikuwa umesogea sentimita 5 kuliko rimu ya kiwandani. Nikiwa peke yangu kwenye gari tairi halikugusa kitu. Kwa watu wanne liligusa kila kona, na ile barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kona tupu.

Wakati wa kurudi, kabla ya Korogwe, kuna tuta lisilo na alama yoyote. Ubavu wa tairi la 205/40 una kimo cha milimita 82 tu. Hapo hakuna mto wa kupokea pigo, ni chuma na lami vinasalimiana. Rimu moja ikapinda.

Basi, niliyojifunza ni haya.

Anza na duara la bolti, yaani duara linalopita katikati ya matundu yote ya bolti, maana hilo halina mjadala. Volkswagen kama yangu ina bolti nne kwenye duara la milimita 130. Zile za zamani zaidi, kabla ya mabadiliko yaliyoanza na modeli ya 1968, zina bolti tano kwenye duara kubwa la 205. Za bolti nne ni rahisi kupima: katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolitazama. Za bolti tano hakuna tundu linalotazamana na lingine, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili jirani kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata kama milimita 120 na nusu, hiyo ni 205. Na usidanganyike ukisikia rimu za Porsche zina duara la 130 ukadhani umeokota dhahabu. Za 911 ni 130 kweli, lakini bolti ni tano.

Adapta si dhambi. Zipo nzuri, na wapo watu wameendesha nazo miaka. Ila kila milimita ya adapta inasukuma gurudumu nje, na gurudumu likitoka nje usukani unaanza kukuvuta mkono kila ukikanyaga shimo, bering za mbele zinabeba mzigo kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Yangu ilikuwa na milimita 25 kila upande, juu ya rimu ambayo tayari ilikuwa pana. Siku hizi nikiulizwa jibu langu ni fupi: kama rimu haiingii bila adapta, hiyo si rimu ya gari lako.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni kichwa cha bolti. Toa bolti moja ya kiwandani uangalie pale inapokutana na rimu. Ni mviringo, kama mgongo wa kijiko. Rimu nyingi za dukani zimechongwa kwa bolti za umbo la faneli. Ukichanganya, bolti itakaza, utaona imekaza, na spana itakataa kwenda mbele, lakini ndani inashika kwenye mstari mwembamba tu badala ya kukaa sawasawa. Hiyo ndiyo bolti inayolegea yenyewe ukiwa Chalinze.

Sasa kimo cha tairi, na hapa naomba uvumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndipo gari linapobadilika tabia. Tairi linalolifaa kobe wangu ni 165/80R15. Hiyo 80 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana wa 165, yaani milimita 132. Mara mbili ni 264. Inchi 15 za rimu ni milimita 381. Jumla 645, na hicho ndicho kimo cha gurudumu kutoka chini hadi juu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa yale mabishoo yangu ya 17 unapata 596. Watu wanadhani rimu kubwa ni gurudumu kubwa. Langu lilikuwa dogo kwa karibu sentimita 5, na gari lilishuka kwa nusu yake, kwenye nchi ya matuta.

Kobe ana siri yake hapa. Waya wa spidi unatoka kwenye gurudumu la mbele kushoto. Toa kofia ya grisi upande huo utauona: ncha ndogo ya mraba imechomoza katikati ya kofia, imezuiwa na kipini. Kwa hiyo spidometa inahesabu mizunguko ya tairi hilo moja tu, hayo mengine matatu haiyajui. Mimi mshale ulikuwa unasoma 80 wakati simu inasema 74. Ni heri kosa la namna hiyo kuliko kinyume chake, kwa vile askari wa barabarani hawatakuonea huruma kwenye eneo la 50. Nina rafiki aliyeweka matairi makubwa nyuma na madogo mbele kwa mtindo wa zile gari za mashindano. Nyuma ndiko injini inakosukuma, kwa hiyo ni kama amebadilisha gia zote nne ziwe ndefu, na hizi injini za 1300 zina nguvu farasi 40 tu. Namba nne yake sasa ni ya mteremko.

Upana wa rimu nao upime kwa ndani, pale tairi linapokalia, si kutoka mdomo hadi mdomo. Wengi wanapima nje wanapata inchi moja ya bure, kisha wanashangaa tairi limekaa kama puto. Rimu ya chuma ya kiwandani ni nyembamba, inchi 4 au 4 na nusu kutegemea mwaka. Tairi la 165/80 linakubali rimu ya inchi 4 hadi 5 na nusu, kwa hiyo hapo uko salama. Kishawishi kinakuja unapoingia dukani ukakuta 195/65R15 zimejaa hadi darini, za bei nzuri, kwa sababu magari mengi ya mjini yanavaa hizo, halafu 165/80 hakuna anayeijua. Kimo cha 195/65 ni kama milimita 634, karibu sana na 645, na moyo unakuambia chukua. Subiri. Tairi hilo linataka rimu ya inchi 5 na nusu kwenda juu. Ukilivalisha kwenye rimu ya inchi 4 midomo yake inabanwa, tumbo linatuna, na kwenye kona gari linayumba kama mtu aliyevaa kandambili kubwa.

Kama roho yako inataka upana, tafuta rimu za chuma za inchi 5 na nusu zenye duara la 130, uweke 195/65 nyuma, ambako madigadi ya kobe yana nafasi, na mbele ubaki na 165 au 185/65. Mbele 195 mimi nisingeweka. Ukikata usukani hadi mwisho ndipo utajua kwa nini. Na usije ukageuza, mapana mbele na membamba nyuma. Gari hili lina injini nyuma, karibu asilimia 60 ya uzito iko huko, na ekseli za nyuma za modeli kama yangu zinacheza kama mabawa: sehemu ya nyuma ikiinuka ghafla kwenye kona, magurudumu yanajikunja kwa ndani chini ya gari. Unataka pua ianze kuteleza kwanza, polepole, ikupe onyo. Hutaki mkia uanze.

Hilo linatuleta kwenye upepo, ambao hauhitaji hata senti lakini ndio unaokosewa kuliko vyote. Matairi ya radiali, yale yenye R kwenye saizi yake, kwenye kobe yanataka psi 18 mbele na 27 nyuma. Ndiyo, 18. Sijawahi kukutana na fundi pancha aliyeamini. Wa mwisho alinitazama usoni, "Bosi, kumi na nane si ya toroli?" akaweka 35 zote nne kwa huruma tu. Nikatoka pale pua ya gari inaruka kama mbuzi, maana mbele hakuna kitu zaidi ya tangi la petroli, tairi la akiba na nguo zako. Siku hizi nina kipima upepo changu mwenyewe kwenye mfuko wa mlango, na nikishajaziwa nasogea mbele hatua kumi, napunguza mwenyewe kimyakimya. Hakuna haja ya kugombana na mtu.

Kama rimu zako ni za asili, pitisha kidole pale tairi linapokalia. Rimu za kisasa zina nundu nyembamba inayozuia tairi lisiteleze kuingia ndani. Za zamani nyingi hazina. Hapo weka tyubu hata kama tairi limeandikwa halihitaji, na hakikisha tyubu ni ya matairi ya radiali. Na ukikuta bado gari lina yale matairi ya zamani ya 5.60-15, usiyachanganye na radiali kwenye ekseli moja. Badilisha yote uishi kwa amani.

Tarehe pia. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Saizi isiyotembea sokoni hukaa dukani miaka, na mpira unakauka ukiwa bado na vinyweleo vyake vya upya. Niliwahi kuuziwa "mpya kabisa" lenye umri wa kuingia darasa la tatu. Nikalirudisha.

Mwishowe nilichimba rimu za baba kutoka stoo. Zilikuwa na kutu ya juu tu. Nikazipiga mchanga, nikazizungusha kwenye mashine ya balansi kabla ya kupaka rangi ili nijue kama zimenyooka, nikazipaka nyeusi na vifuniko vya kromu. Matairi ya 165/80R15 nililetewa kutoka Dubai, matano, siyo manne. Hilo la tano ni muhimu kwenye gari hili kuliko unavyodhani: kwenye kobe wa miaka hiyo maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba. Kuna mpira mwembamba kutoka kwenye valvu ya tairi hadi kwenye chupa ya maji. Lile la 17 halikuingia hata kwenye nafasi yake chini ya boneti, kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nafuta vumbi la kioo kwa fulana. Juzi nilijaza tairi la akiba, nikachomeka ule mpira, nikabonyeza kitufe. Maji yakaruka juu ya paa yakamlowesha jirani. Kumbe nozeli zinahitaji kurekebishwa.

Rimu za 17 bado zipo. Duara la 100, bolti nne, tatu zimenyooka na moja ina historia. Mwenye gari dogo la Kijapani anayezitaka aje na rula yake.