Kabla hujaongeza nguzo, jua farasi wako anakwenda wapi

Mara ya tatu Nuru, farasi wangu jike, alipotoroka, nilimkuta kando ya barabara ya lami inayotoka Malaba, anahema, masikio ameyaelekeza Tororo mjini. Dereva mmoja alikuwa amesimamisha lori lake katikati ya njia ili asimgonge. Nilimshika mkono kumshukuru, na nilitetemeka mpaka nyumbani. Usiku ule niliapa kwamba farasi huyu hataruka tena. Kulipokucha nikafanya kosa ninalowaona wengi wakilifanya: nilikimbilia kununua nguzo.

Uzio wangu ulikuwa na kimo cha mita 1.2 hivi. Kwa ng'ombe unatosha, lakini farasi mwenye afya na mwenye sababu anaupita bila shida. Nikaupandisha hadi mita 1.5 kwa nguzo za mkaratusi, na juu kabisa nikapitisha seng'enge, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imebaki stoo. Hazikupita wiki mbili, akaruka tena, akarudi kifua kimechanika. Ngozi ya farasi ni nyembamba, na akinaswa hatulii, hupambana na waya mpaka ajikate vibaya. Kama una seng'enge kwenye padoki, yaani uwanja wa farasi uliozungushiwa uzio, itoe leo, hata kama utalazimika kumfunga zizini siku mbili tatu.

Aliyenizindua ni mzee mmoja aliyetunza farasi miaka mingi. Aliuzunguka uzio wangu, akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe unahesabu nguzo. Hesabu siku."

Nikanunua daftari la mwanafunzi. Kila alipotoka niliandika siku, saa, na mahali alipourukia uzio. Na zile mara za nyuma nilizikumbuka moja moja nikaziandika pia, pamoja na ile aliyopita katikati ya maharage ya mama jirani, tukamalizana mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Baada ya wiki sita nilisoma: Jumamosi, Jumapili, Jumapili, sikukuu ya Idd, Jumamosi. Hizo ndizo siku ambazo mwenzake, dume aliyehasiwa, huenda mjini kubeba watoto. Na karibu kila mara alirukia upande wa lango analotokea mwenzake. Upande wa mahindi ya jirani, penye chakula kingi, hakuugusa hata mara moja.

Farasi ni mnyama wa kundi. Akibaki peke yake haoni kwamba amepumzika, anaona kwamba ameachwa mahali pa hatari, na hofu hiyo ndiyo inayompa nguvu ya kuupita uzio ambao siku nyingine hata hautazami. Basi nikaanza kuwapeleka wote wawili, na siku isiyowezekana, Nuru hubaki na mbuzi jike mzee niliyewazoeza pamoja wiki mbili kabla. Usimtie mbuzi asubuhi ile ile unapomwondoa farasi mwenzake, haitasaidia. Punda naye ni rafiki mzuri, ila apewe dawa ya minyoo kwanza: punda huweza kubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa hata kidogo, halafu farasi ndiye akaumwa. Mwenye uwezo anunue farasi wa pili. Hakuna kinachoshinda hilo.

Kutoroka kukapungua, lakini hakukuisha. Daftari likaonyesha siku nyingine, za katikati ya wiki, zilizoachana kwa majuma matatu hivi. Hapo nikaelewa. Jike huingia kwenye joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 takriban, na hukaa hivyo siku 5 hadi 7. Kule Ulaya majira ya baridi huyasimamisha mambo hayo kwa miezi kadhaa. Sisi tulio karibu na ikweta, mchana haupungui wala hauongezeki sana, kwa hiyo majike wetu wanaweza kuendelea mwaka mzima. Sasa naziwekea alama siku hizo kwenye kalenda, na zikifika hulala zizini na hutoka nikiwepo.

Uzio wenyewe pia ulikuwa na makosa, na moja lilinisumbua sana nilipoligundua. Ndani ya padoki, hatua mbili tu kutoka kwenye nguzo, palikuwa na kichuguu cha zamani kilichoota nyasi. Kwato zake zilikuwa zimechimba juu yake. Kumbe alikuwa anapanda pale kwanza! Mita 1.5 yangu, kwake ilikuwa chini ya mita moja. Tulikivunja kwa sururu siku nzima. Pita kando ya uzio wako uangalie udongo, na usisahau mteremko: uzio ulio bondeni ni mfupi kwa farasi aliyesimama juu ya mteremko. Ubao wa juu uwe mnene na uonekane vizuri, maana waya mwembamba farasi haoni mpaka ameshaugonga. Mimi nimeongeza utepe mweupe wa umeme wa sola, nusu mita ndani ya uzio, ili asiukaribie.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari, nyasi zikikauka, mpe majani makavu ya kutosha. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 6 hadi 8 kwa siku, na mwenye kutafuna kutwa hana muda wa kutazama nje.

Kuna watakaokwambia umfunge miguu ya mbele kwa kamba. Mimi nakataa. Farasi aliyefungwa bado hujaribu kuruka, na akianguka anaweza kuvunjika mguu, na mguu wa farasi uliovunjika ni mara chache sana upone.

Wala usimpige akirudi. Hawezi kuunganisha fimbo na kuruka kwa saa mbili zilizopita, ataiunganisha na wewe na lango la nyumbani, na kesho hatakubali kushikwa barabarani. Mwite kwa ndoo yenye pumba kidogo, mvalishe hatamu, mwingize taratibu. Kisha mpapase miguu yote minne kuanzia juu hadi kwato kabla giza halijaingia. Ukikuta jeraha hata dogo, lioshe kwa maji safi na umwite daktari wa mifugo umuulize kuhusu sindano ya pepopunda, kwa sababu farasi hupatwa na ugonjwa huo kwa urahisi kuliko karibu mnyama mwingine yeyote unayemfuga.