Kwa Fundi Umeme: Mshale wa amita unasema kinyume

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 ya mwaka 1965, Series IIA, aliyoniachia marehemu baba. Injini yake ya petroli ilikwisha, nikaweka ya dizeli, Toyota aina ya 3L, pamoja na altaneta yake ya kuchaji betri, ya ampea 60. Fundi wa hapa mtaani alitoa dinamo, kichaji cha zamani, akageuza betri ili hasi ndiyo iende kwenye bodi, kisha akaunga altaneta kwenye waya uleule wa dinamo. Gari linawaka vizuri. Lakini nikikanyaga mafuta, mshale wa amita, kipimo cha umeme unaoingia au kutoka kwenye betri, unalala upande wa kupungua, na usiku taa zikiwaka kuna harufu ya waya unaoungua nyuma ya dashibodi. Nimepima taa zikiwa zinawaka: kwenye altaneta volti 14.4, kwenye betri 13.5. Betri iko chini ya kiti cha abiria. Je, ninunue altaneta nyingine? Na tafadhali usiniambie niitoe ile amita. Baba aliitazama kila safari.
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Altaneta usiiguse, ni nzima. Ila gari hilo usilitembeze usiku tena mpaka umalize kazi nitakayokueleza, na likilala, chomoa betri.

Tuanze na mshale. Land Rover za miaka hiyo zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Fundi wako alifanya vyema kugeuza, maana altaneta ingeunguza dayodi zake papo hapo. Lakini amita hakuigeuza. Zima injini, washa taa kubwa, utazame: mshale utaenda upande wa kuongezeka, ingawa betri ndiyo inayoliwa. Badilisha nafasi za nyaya mbili za nyuma ya amita na mshale utasema kweli.

Harufu ndiyo inayonitisha. Dinamo ya kampuni ya Lucas ya gari hilo ilitoa kama ampea 22, na nyaya zake zilipimwa kwa kazi hiyo. Sasa umeme wa altaneta unapanda hadi dashibodi, unapita kwenye amita, halafu unarudi hadi chini ya kiti. Tuseme ni mita 4 za waya wa milimita 4 za mraba. Ukipitisha ampea 40, unapoteza volti 0.7 njiani. Hizo ni wati 28 za joto, mbali na maungio yaliyolegea kwa umri. Ndipo zilipokwenda volti zako 0.9.

Kwa hiyo vuta waya mpya, wa milimita 16 za mraba, kutoka terminali ya B ya altaneta, inakotoka chaji, moja kwa moja hadi chanya ya betri. Usipite dashibodi wala kwenye katauti, kile kisanduku kilichodhibiti chaji ya dinamo. Kwa mita 2.5 na ampea zilezile 40, utapoteza kama volti 0.1 tu. Nunua waya wa magari wenye nyuzi nyingi laini. Ule wa kufungia umeme nyumbani una nyuzi chache na nene, na mtikisiko wa injini utaukata.

Weka fyuzi ya ampea 80 karibu na betri, si karibu na altaneta. Wengi hawanielewi hapa. Waya huo ukigusa chesisi, umeme mkubwa unatoka kwenye betri, kwa hiyo mlinzi akae mlangoni kwake. Niliwahi kufunga gari la mteja bila fyuzi hiyo kwa sababu duka lilikuwa limefungwa na mtu alikuwa na haraka. Waya ulisuguka kwenye ukingo wa chuma, na mteja akaukata kwa panga akiwa barabarani, moshi umejaa ndani. Tangu siku ile gari halitoki kwangu bila fyuzi, hata mwenyewe akasirike.

Njia ya kuupitisha: altaneta ya 3L ina pampu ya vakyumu mgongoni, na pampu hiyo ina mipira ya oili. Usiufunge waya kwenye mipira hiyo, kwani oili inalainisha ganda lake. Uachie mkunjo mlegevu kati ya injini na chesisi, kwa sababu dizeli ikizimwa inajitikisa sana. Kisha uvishe bomba la plastiki, uufuatishe juu ya chesisi upande usio na ekzosi, uubane kwa klipu zenye mpira kila baada ya shubiri moja na nusu. Kila tundu la bati liwe na pete ya mpira.

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Ikikutana na bolti ya chuma, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga, maungio yanaota unga mweupe. Basi hasi ya betri iende kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi, na waya mwingine mnene utoke chesisi hadi kwenye injini yenyewe.

Sasa soketi ndogo ya altaneta, yenye herufi S, IG na L. IG inapata umeme wa funguo, yaani jamii ya waya mweupe wa Lucas, kupitia fyuzi ndogo. L inakwenda kwenye taa ya chaji. S, inayopima volti ili altaneta ijue ichaji kiasi gani, iende mpaka kwenye betri kwa waya wake mwembamba wenye fyuzi yake. Nashuku fundi wako aliiunga S kwenye B palepale, ndiyo maana altaneta inajiona imefika 14.4 na kuridhika, huku betri ina njaa. Lakini funga kwanza waya mnene, S ifuate.

Amita ya baba ibaki. Toa waya wa pili kwenye betri wenye fyuzi ya ampea 30, upite kwenye amita, ulishe taa, honi na waipa tu. Itakuonyesha matumizi. Hita plagi, zinazopasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka, zisipite hapo kabisa, zina relei na waya wake kutoka betri.

Ukimaliza, washa taa, injini izunguke kasi kuliko sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), uweke ncha moja ya mita ya volti kwenye B na nyingine kwenye chanya ya betri. Ikizidi volti 0.3, kuna ungio baya.

SWALI: Volkswagen yangu ya kobe niliiwekea altaneta ya Bosch. Nilipobadili taa ya chaji kuwa ya LED, haichaji mpaka nipige resi sana. Kwa nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Umeme mdogo unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha altaneta kupitia terminali ya D+. LED haipitishi wa kutosha. Rudisha balbu ya kawaida ya wati 2 au 3. Ukiipenda LED, iunge sambamba na rezista ya omu 56, ya wati 5, uiweke mbali na plastiki kwa sababu inapata moto funguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa.