Chumvi nusu kijiko: maswali ya watangazaji na waandishi wa habari za afya

Redio yetu ya jamii ilitangaza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya kipindupindu. Dakika chache baadaye simu zikamiminika: "Chumvi vijiko sita?" Tulikosea wapi?

Mlisoma kama gazeti. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Akisikia "sita" na "nusu" kwa mkupuo mmoja, anabaki na namba bila kujua ipi ni ya nini. Na hapo kukosea ni hatari: chumvi ikizidi huvuta maji kutoka kwenye seli, na mtoto anaweza kupata degedege.

Anzeni na kituo cha afya, kisha pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari wa kuchanganya na maji. Mchanganyiko wa nyumbani ni wa kutumia pakiti ikikosekana, mgonjwa akiwa njiani kwenda kutibiwa. Kipimo ni maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima. Msiseme "kijiko" tu, maana kijiko cha kulia wali hubeba karibu mara tatu ya kile cha chai. Badala ya "lita", semeni chupa mbili za maji za nusu lita. Mtangazaji mmoja ataje polepole, mwenzake arudie kama anayeandika. Mwisho mtoe kipimo cha ulimi: aonje kabla ya kumpa mgonjwa, na ikizidi chumvi ya machozi, amwage. Yakipita saa 24, atengeneze mengine.

Taarifa niliyopewa inasema dawa fulani "inaongeza hatari mara mbili". Niandike hivyo?

Uliza kwanza: mara mbili kutoka ngapi? Oktoba 1995 nchini Uingereza ilitolewa tahadhari kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Vyombo vya habari vikaibeba hivyo hivyo. Hesabu yenyewe ilikuwa kutoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukaongezeka kwa maelfu. Kinachouma ni kwamba ujauzito nao hugandisha damu, tena kuliko vidonge hivyo. Andika namba zote mbili, ya kabla na ya baada, kwa idadi ileile ya watu.

Mlipuko wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaofanana na Ebola, hutangazwa umekwisha lini? Mhariri wangu anataka kichwa cha habari siku mgonjwa wa mwisho anaporuhusiwa.

Mkatalie. Virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili, na husubiriwa mara mbili yake, yaani siku 42, tangu mgonjwa wa mwisho athibitike hana virusi au azikwe. Mlipuko wa Kagera uliotangazwa Machi 21, 2023 ulifungwa rasmi Juni 2. Katikati hapo andika "hakuna mgonjwa mpya".

Michezo ya redio inabadilisha tabia kweli, au ni burudani tu?

Inabadilisha, na ushahidi mzuri uko hapahapa Tanzania. Mchezo wa Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, lakini Dodoma haukurushwa hadi 1995, kwa hiyo watafiti walipata eneo la kulinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule mchezo uliposikika. Dodoma nayo ikafuata ulipoanza kurushwa. Mkwaju, mhusika wa mchezo huo, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, hakuhubiriwa na mtu studio. Wasikilizaji walimwona akiharibikiwa taratibu, kipindi baada ya kipindi, hadi UKIMWI ukamuua. Ukimuua mhusika wako wiki ya pili, umetoa tangazo tu.