Idi ya Paka: Mtolee Fungu Lake Kabla ya Kitunguu

Kila mwisho wa Ramadhani huulizwa swali lilelile na mashoga zangu: paka nimpikie nini sikukuu? Jibu langu ni fupi, na wengine huliona la uchoyo. Usimpikie kitu cha peke yake. Chakula unachopika wewe kinamtosha, mradi umtolee fungu lake kabla kitunguu hakijaingia sufuriani.

Tunavyopika hapa Mombasa siku ya Idi, karibu kila sinia lina kitu cha kumdhuru mnyama. Tambi za sukari zina zabibu kavu, na zabibu huweza kuua figo za mbwa. Mbwa mmoja hula asipate neno, mwingine akala chache tu akawa mahututi, kwa hiyo dawa ni kutompa kabisa. Watoto nao wana chokoleti mifukoni. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kitunguu, cha maji na cha saumu, kwa sababu hakionekani. Kimekaangwa mpaka kikawa cha kahawia, kimepotelea kwenye rojo, na paka aliyelambishwa kijiko cha rojo la biriani ameshakila. Moto hauondoi sumu yake. Kukausha ndiyo kabisa: ule unga wa kitunguu saumu wa kwenye kopo ni mkali kuliko kitunguu chenyewe kwa uzito uleule.

Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa paka, gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake zatosha kuleta madhara. Paka wa kilo 4, basi, ni gramu 20, na kitunguu kimoja cha kawaida kinapita hapo mara kadhaa. Mbwa huhimili zaidi, ila naye hajasalimika. Tena madhara yenyewe hayaji papo hapo. Idi imekwisha, wageni wamerudi kwao, ndipo unamwona paka amejilaza tu, anahema mbio mbio, chakula hakitaki. Mfunue mdomo: fizi zilizokuwa za waridi zimekuwa nyeupe. Mkojo nao umepiga wekundu au rangi ya chai. Hapo ni kwa daktari wa mifugo moja kwa moja. Usikae kumnywesha maziwa.

Mama mkwe wangu aliwahi kuniambia, "Mwanangu, paka wa zamani walikula pilau na hakufa hata mmoja." Nikamwambia, "Sawa mama, lakini ni nani aliyekuwa akiwahesabu?" Akacheka. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha kutenga nyama.

Kutenga kwenyewe hakuna kazi. Wengi wetu tukiinjika nyama ya pilau tunatia chumvi, tangawizi na saumu mara moja. Mimi nainjika kwa maji matupu, naiacha mpaka iive, natoa vipande viwili na kikombe cha supu, halafu ndiyo natia viungo na kuendelea na mambo yangu. Watu hawajui tofauti, na pilau haijapungua ladha. Vile vipande vikipoa navichambua kwa vidole, nyuzinyuzi. Kwa kisu hapana, maana kisu hupita juu ya kijifupa bila kukiona, na kidole hukikuta. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, hupasuka vichane vyenye ncha, na vichane hivyo hutoboa utumbo. Nyama ikishachambuka naimwagia supu kidogo. Basi, hiyo ndiyo Idi yake.

Na kaimati? Paka hana habari nayo. Ulimi wake hauonji utamu wa sukari, kipokezi chake hakifanyi kazi tangu kuumbwa. Akijisogeza kwenye keki anafuata siagi na mayai. Kumpa kaimati ni kujifurahisha mwenyewe.

Samaki ni jambo jingine, na watu wa pwani tunajiona mabingwa wa hili. Kibua au changu mbichi wa asubuhi, aliyechemshwa bila chumvi wala tui, akatolewa miiba yote, ni tunu. Ila mambo mengine hayafai. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi mno. Samaki mbichi kila siku humaliza vitamini B1 mwilini mwa paka, kwa sababu samaki wengi wana kimeng'enya kinachoivunja. Ukimchemsha, tatizo hilo huondoka. Jodari aliyeshinda juani usimnunue kwa sababu ni wa bei ya chini na "ni wa paka tu." Sumu inayojijenga ndani yake haitoki kwa moto, na hiyo hiyo inayokuwasha wewe mwili mzima inamdhuru na yeye. Na wale bunju, samaki wenye sumu, wanaotupwa mchangani wavuvi wakichambua nyavu, waonye watoto wasimletee paka.

Kuhusu mbwa, mimi si mfugaji, lakini binamu yangu wa Bamburi ana wawili wa ulinzi na mimi ndiye ninayewaokea. Kikombe kimoja cha kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa (navifuata Kongowea, ni vikubwa na havina uchungu), yai moja, na unga wa atta vikombe viwili na nusu au zaidi kidogo, mpaka donge liache kunata. Sukari haimo, chumvi haimo. Sukuma kama chapati nene, kata vipande, oka kwa nyuzi 180 kwa nusu saa au mpaka vikauke. Hamira hapana. Donge bichi lenye hamira likifika tumboni mwa mbwa huendelea kuumuka palepale na kutoa pombe, kwa hiyo hata beseni la mahamri unalolaza usiku lifunike na uliweke juu. Ukitaka kutia siagi ya njugu, soma kopo: ikiwa imetiwa zailitoli, ile sukari ya wanaokwepa sukari, iache, ni sumu kali kwa mbwa.

Biskuti hizi hazikai kwenye mkebe. Kwa unyevu wetu wa pwani zitalegea upesi na kuota ukungu, na ukungu wa nafaka na njugu ndio wenye sumukuvu. Ziweke kwenye friza, toa moja moja.

Idi ya kuchinja ina yake. Mtu anachinja mbuzi, anaona pafu au ini lina uvimbe wenye maji, analirushia mbwa. Uvimbe ule ni minyoo ya Echinococcus ikiwa changa. Ikikomaa tumboni mwa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi na kumrudia binadamu, yakaota uvimbe kama ule ule kwenye ini lake. Turkana wanaujua ugonjwa huu kwa miaka mingi. Lenye uvimbe lifukie, lililo safi lichemshe hadi liive kabisa. Hata ini safi, paka mpe kipande mara mojamoja, maana vitamini A iliyomo ikizidi humharibu mifupa.

Kiasi nacho kina mpaka. Paka wa kilo 4 anahitaji kama kalori 200 hadi 250 kwa siku, na vitu vya kumfurahisha visizidi sehemu moja ya kumi ya hizo. Hiyo ni kuku wa kujaa kijiko kimoja cha mezani. Najua, ni kidogo, na macho yake yatakuambia vingine.

Shida ya siku yenyewe ni wageni. Huwezi kumkemea shangazi wa watu asimtupie paka mfupa. Mimi naweka kisahani cha nyama iliyochambuliwa karibu na mlango na kuwaambia watoto wao ndio wenye zamu ya kulisha. Wanapenda sana, na wanawalinda paka hata dhidi ya wakubwa.

Akishakula kisichofaa, usimtapishe kwa maji ya chumvi, chumvi nayo ni sumu. Panadoli usimpe kamwe, huua paka. Mpigie daktari, mtajie uzito wa mnyama, alichokula na saa aliyokula. Wengi hufunga kliniki zao siku ya Idi, kwa hiyo uliza kabla mwezi haujaandama ni nani atakayepokea simu.